Chumba cha Siku Arobaini

Jumanne hiyo, jua lilipoanza kushika kuta za mtaa wa Mkomani, Lubna alipanda juu ya nyumba na sinia ya ndimu zilizotiwa chumvi, maana achari bila jua la siku saba haiwi achari, huwa ni ndimu zilizooza tu. Pahali anapoweka sinia kila mwaka palikuwa na ukuta. Haukuwa mrefu. Ulimfika kwenye kifundo cha mguu, wa mawe ya matumbawe, chokaa yake ingali mbichi, na ulikuwa umezunguka pembe nne ukaacha nafasi ya mlango. Lubna aliutazama, akahamishia sinia upande wa pili, akazipanga ndimu moja moja zisigusane. Kisha akashuka kumwambia mamake.

"Mama, kuna chumba chaota yuu."

Bi Hadil alikuwa na miaka themanini na alikuwa ameketi ndani akishona kofia. Alimaliza kitobo alichokuwa akikizungushia uzi.

"Upande gani?"

"Wa kibla."

"Basi hamisha ndimu zako."

"Nimezihamisha."

Kwa wasiojua mambo ya Amu, au Lamu kama wasemavyo wengine: mji huu humjengea binti, haumjengei mwana wa kiume. Mwana wa kiume ataoa, atahamia kwa mkewe, na wakigombana atakwenda kulala msikitini. Binti ndiye wa kubaki, na baba mwenye akili huanza kuchoma chokaa siku ile ile mkunga anaposema ni wa kike. Nyumba ya kina Bi Hadil ilijengewa binti wa kwanza na fundi mwenye mikono, yapata miaka mia mbili nyuma. Binti huyo alipozaa binti, mumewe alikuwa safarini na hakurudi, hapakuwa na wa kuchoma chokaa, na nyumba ikaona bora ifanye yenyewe. Tangu hapo haijamngoja mwanamume. Akizaliwa binti wa binti wa nyumba ile, popote pale alipo, juu huanza kuota chumba: mawe siku za mwanzo, boriti kufika siku ya kumi, kisha dari, plasta, na mwisho zidaka, vile vijumba vidogo vya ukutani vya kuwekea sahani na mapambo. Majirani wamezoea. Wanacholalamikia ni vumbi la chokaa kwenye nguo zilizoanikwa, na kwa hilo hupelekewa halua.

Sharti ni moja. Mtoto mwenyewe aingizwe chumbani kabla ya adhuhuri ya siku ya arobaini. Akiingia, chumba husimama hata baada yake yeye kufa. Asipoingia, huanguka.

Lubna alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, na hata hivyo jambo la kwanza alilofanya alipokuwa peke yake jikoni ni kujishika tumbo. Tumbo lilikuwa kama lilivyokuwa jana. Alicheka, kisha akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akalia kidogo, na hilo lina sababu yake.

Mwaka wa tisini na mbili, alipokuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi minne, chumba kiliota juu. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amezaa. Lubna alisema nyumba imefanya haraka, imemwona binti tumboni, na mamake hakumkatalia. Alikifagia chumba kile kila siku. Alikifukiza ubani. Alishona mito miwili midogo, akachagua na jina, ambalo hajamtajia mtu mpaka leo. Siku ya arobaini, adhuhuri, chumba kilianguka chote, akabaki amesimama kwenye ngazi na ufagio. Karibu miezi minne baadaye alimzaa Idris, na baada ya Idris hakuzaa tena. Lubna alielewa kwamba Mungu alimpa binti, kisha akambadilishia kwa kosa alilolifanya. Alilitafuta kosa hilo miaka thelathini na mitatu. Alidhani ni kwa sababu alipanda ngazi mno. Alidhani ni kwa sababu alichagua jina mapema. Alimpenda Idris mapenzi yasiyo na mfano, na kila alipomwosha alimwomba Mungu msamaha.

Kwa hiyo mara hii alijiambia jambo moja tu: binti yeyote awaye, huyu ataingia.

Alianza kumtafuta. Alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu mia na kumi na wanne kutoka Amu mpaka Maskati, akauliza kwa adabu ni nani kazaa mtoto wa kike Jumanne. Alijibiwa na dua ishirini na saba, picha za maua, na keki moja iliyoandikwa Mashaallah. Hakuna aliyekuwa amezaa. Alizunguka Mkomani nyumba kwa nyumba, kila kwenye mlango wa nakshi na daka la kukalia wageni. Aliwapigia simu jamaa wa Mombasa na wa Malindi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa Mkomani tu ndiye angelifanya: alitafuta kwenye nyumba za mawe. Haikumpitikia kwamba binti wa nyumba yao angeweza kuzaliwa chini ya makuti.

Siku zilikwenda. Boriti zilifika siku ya kumi kama kawaida. Siku ya ishirini na tano plasta ilikauka, nyeupe, laini, na Lubna aliipapasa kwa kiganja akaona raha mpaka akaogopa. Bi Hadil hakupanda kuangalia hata siku moja. Alisema magoti. Magoti yake yalikuwa yakimpeleka hadi msikitini kusikiliza darsa za wanawake na kumrudisha, lakini ngazi za juu, alisema, hapana.

Siku ya thelathini na nane alikuja Edah. Edah ni msichana kutoka bara, wa ofisi inayoangalia nyumba za kale, na alikuwa ameletewa malalamiko kwamba kuna watu wanajenga bila kibali. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, akatoa fomu.

"Mama, fundi wenu ni nani?"

"Hatuna fundi, mwanangu. Chajengeka chenyewe."

Edah aliandika: fundi, hakuna. "Vifaa mlitoa wapi?"

"Vyatoka hapo hapo chini."

"Sawa. Hiyo ni afadhali, kuna watu huleta simiti." Alikuwa amekaa Amu miaka mitatu, ya kumshangaza yalikuwa yamekwisha. Alipanda juu na utepe wake wa kupimia, akapima chumba kipya, akakisifu. Kisha akainama kwenye sakafu iliyobaki wazi, akakwangua kwa ukucha, akasogea hatua kadhaa, akainama tena.

"Na hivi viwili vilivyoanguka vilikuwa vya nani?"

"Kilianguka kimoja," Lubna alisema. "Mwaka wa tisini na mbili. Kilikuwa changu."

"Viwili, mama. Tazama. Hiki hapa ni cha juzijuzi, hata chokaa yake bado ina rangi. Hiki cha huku ni cha kitambo sana, miaka ya sitini hivi au kabla. Mlango wake ulitazama kule barabarani."

Lubna aliangalia. Mistari ya kuta ilikuwa pale kwenye sakafu, miwili, kila mmoja na pembe zake nne. Ule wa kale alikuwa ameukanyaga tangu utotoni.

Alimpa Edah chai, akamshukuru, akamfungulia mlango. Kisha akaenda kuketi mbele ya mamake, karibu mno, goti kwa goti.

"Mama, juu palianguka vyumba viwili."

Bi Hadil alichoma sindano kwenye kofia. "Mvua za nti hii, hujui zilivyo."

"Chumba hakianguki kwa mvua. Cha kwanza kilikuwa cha nani?"

Sindano ilipita, ikarudi, ikapita tena.

"Kile chumba cha makaa unakijua," Bi Hadil alisema mwishowe.

Lubna alikijua. Kilikuwa chumba cha pili kutoka ngazini, kina magunia ya makaa na makuti ya akiba, na tangu zamani kiliitwa chumba cha marehemu mama mkubwa, dadake Bi Hadil, Aaliya, aliyefariki mdogo kwa ndui.

"Aliyekwambia alifariki kwa ndui ni nani?"

"Wewe."

"Basi nilisema uwongo. Aliolewa Matondoni, kule kijijini."

Aliolewa na fundi wa kalafati, mtu wa kuziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta, jina lake Famau, mcha Mungu, mwenye mikono myeusi kwa mafuta hata siku ya Idi. Hakuwa kufu yake. Mama yao, Bi Ruba, alisema binti wa nyumba ya zidaka haolewi na mtu anayelala juu ya mchanga, na Aaliya akaolewa hivyo hivyo, kwa kadhi, asubuhi, bila ngoma. Siku ya pili Bi Ruba alitangaza kwamba ana binti mmoja. Watu wa Mkomani ni wastaarabu sana, hawakumuuliza yule mwingine kaenda wapi. Ndui ilikuja kusemwa baadaye, kwa ajili ya watoto.

"Mwaka wa sitini na mbili chumba kikaota," Bi Hadil alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama akanambia ni kuvu ya mawe, nisipande yuu. Siku ya arobaini, asubuhi, Aaliya akaya na mwana mikononi. Alitoka Matondoni kwa miguu. Mama akanambia, Hadil, tia komeo. Nikatia. Nikaketi nyuma ya mlango, mgongo wangu kwenye komeo."

"Akafanyaje?"

"Alipiga hodi tatu, kama sunna. Mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe hurudi. Yeye alingoja, akapiga tatu nyingine. Kisha nyingine. Aaliya alikuwa na adabu kunipita mimi, sijawahi kumwona akivunja adabu ila siku ile. Mwana alilia mpaka adhuhuri. Kisha chumba kikaanguka, nikasikia akipiga chafya kwa vumbi, nikasikia viatu vyake vikienda na ndia."

Lubna aliuliza la pili.

"Na cha tisini na mbili?"

"Mwana yule aitwa Rahima. Naye alizaa binti. Mama alikuwa amekwisha kufa. Aaliya alimtuma muuza samaki, bibi mmoja wa kule, akanambia hapo mlangoni: Aaliya akusalimu, amepata mjukuu wa kike. Sikuwa na la kufanya ila kusema mlete." Bi Hadil alitoa kofia gotini, akaiweka kando. "Mara ya kwanza niliamriwa. Mara ya pili sikuamriwa na mtu. Nilinunua samaki nikafunga mlango."

"Na mimi nikifagia kile chumba."

"Ulikuwa na mimba. Ulikuwa na furaha sana. Nikaona nikuache ufurahi siku zile arobaini."

"Na zilipokwisha, Mama?"

"Zilipokwisha nilikuwa nimechelewa."

Lubna aliinuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa na hasira, na hakujificha kwamba ni hasira. Aliviosha vikombe sita, akaviosha tena. Halafu, katikati ya kile cha tatu, kitu kingine kikamjia ambacho hakukitarajia, nacho kilikuwa shukrani. Hakukuwa na kosa. Hakupanda ngazi mno. Hakutaja jina mapema. Mungu hakumpa binti kisha akamnyang'anya. Mungu alimpa Idris, tangu mwanzo alikuwa akimpa Idris. Alikaa na kikombe mkononi akasema alhamdulillah kwa sauti, akalia kwa yule binti ambaye hakuwahi kuwapo, akampigia Idris simu Mombasa kumuuliza kama amekula. Idris alisema amekula. Alimuuliza kuna nini. Alimwambia hakuna kitu, mwanangu, nakupenda tu, na Idris akauliza tena kuna nini, maana si maneno ya kila siku nyumbani kwao.

Asubuhi ya siku ya thelathini na tisa Lubna alikodi punda, kwa kuwa pikipiki alikuwa akiziogopa, akashika njia ya mchanga kwenda Matondoni. Hakupotea. Alimuuliza mtu wa kwanza nyumba ya Bi Rahima wa Famau, akaoneshwa kwa kidevu.

Rahima alikuwa ameketi uani akisuka ukili wa mkeka, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwenye mikono mirefu na pua ya Bi Hadil. Pua hiyo ilimfanya Lubna asahau maneno aliyoyapanga juu ya punda. Akasema tu, "Mimi ni Lubna wa Hadil. Mama zetu ni ndugu."

"Najua," Rahima alisema. "Karibu, mdogo wangu. Leo ni ya thelathini na tisa."

"Mumekuwa mukihesabu?"

"Tangu Jumanne ile. Marehemu mama alituambia habari za nyumba, kila kitu, mpaka idadi ya zidaka. Tulikuwa tukingoja kuitwa. Mwenye nyumba ndiye aitaye."

Lubna alimwita. Alimwita kwa jina la nyumba, kwa jina la mamake, na kwa haki ya mtoto, akasema chumba kimekamilika kiko upande wa kibla na kina upepo. Rahima alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Ndani, chini ya makuti, alikuwamo binti yake Sumeiya, yule aliyezaliwa tisini na mbili, na kando yake mtoto amefungwa kwa kitambaa cheupe. Jina lake Barka. Lubna alimpakata. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na alipopiga miayo alikunja uso mzima.

"Lakini wewe huna ruhusa ya kutoka kabla ya arobaini kwisha," Lubna alimwambia Sumeiya, maana lilikuwa limeanza kumtia wasiwasi. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, na chumba hakingojei siku ya arobaini na moja.

"Arobaini gani, mama?" Sumeiya alisema. "Mimi nilizalia hospitali. Nilipasuliwa, nikarudishwa kwa boti, kwa injini mbili, nimelala juu ya maboya. Arobaini yangu ilivunjika zamani."

Rahima alisema lisilo budi hutendwa, na kwamba mamake alitoka kwa miguu, kwa hiyo kwa boti si vibaya.

Waliondoka kwa boti siku ya pili, karibu saa tano asubuhi, Lubna amelala kwao akiwasaidia kufunga vitu. Walipoingia kwenye vichochoro vya Mkomani chumba kilikuwa kimeanza kudondosha. Vumbi jeupe lilikuwa likishuka polepole juu ya njia, na jirani mmoja alikuwa akianua nguo zake kwa haraka. Alimwona Barka, akasema mashaallah, akarudi kwenye nguo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Lubna alikuwa ameuacha wazi alipoondoka jana. Katika maisha yake yote hakuwahi kuukuta umefungwa mchana. Alisukuma, akasikia uzito wa komeo kwa ndani.

"Piga hodi," Rahima alisema.

"Hodi," Lubna alisema.

Jiwe dogo lilianguka kutoka juu likavunjika kwenye ngazi ya daka. Sumeiya alimfunika mtoto uso kwa mtandio.

"Hodi."

Walisikia pumzi nyuma ya mlango. Ilikuwa karibu sana, kama mtu aliyeketi chini.

"Hodi," alisema Rahima mwenyewe, na sauti yake haikupanda.

Komeo lilikwaruza. Lilichukua muda, kwa sababu ni mti wa mkoko na Bi Hadil ni mtu wa miaka themanini, lakini lilitoka. Mlango ukafunguka. Bi Hadil alisimama pale na vumbi la mlango kwenye mgongo wa buibui lake.

"Mama, mbona umefunga?" Lubna alimuuliza.

"Nilifunga ili nipate kufungua," Bi Hadil alisema. "Karibuni. Pandeni upesi, mtoto asile vumbi."

Walipanda. Bi Hadil alipanda mbele, na magoti yake yalimpeleka mpaka juu. Rahima aliingia chumbani na Barka mikononi, akatanguliza mguu wa kulia, akasoma Fatiha. Vumbi lilikatika hapo hapo. Ukutani, kwenye pahali palipokuwa tupu, kidaka cha mwisho kilifunguka taratibu, kikamwaga unga kidogo wa chokaa sakafuni, kikanyamaza. Lubna alichukua ufagio akaufagia. Kisha akauegemeza ufagio, akamkumbatia Sumeiya, akamkumbatia Rahima, na hakujali kwamba anawalowesha mabega. Adhana ya adhuhuri ilitoka misikiti yote kwa pamoja, kila mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenziwe kama kawaida ya mji, na chumba kilikuwa kimesimama.

Waliswali. Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Edah alipita na karatasi, akaandika kwenye fomu: mmiliki, Barka, siku arobaini. Sumeiya alimuuliza kama vile viwili vingeweza kujengwa tena, chake na cha mamake, kwa mikono tu, kwa fundi wa kawaida. Edah alisema kwa masikitiko kwamba haiwezekani. Sheria inaruhusu kurudisha kilichokuwapo, na hakuna picha, hakuna ramani, hakuna mtu aliyewahi kuandika kwamba vilikuwapo. Alama za sakafuni hazitoshi. Aliomba msamaha, akala halua, akaenda zake.

Rahima alikwenda kusimama kwenye alama zake. Alizipima kwa hatua, sita kwa nne. Aliangalia mahali ambapo dirisha lingekuwa, akaona paa la jirani na kipande cha mlango wa bahari, akasema kuna mandhari nzuri. Kisha jua likawa kali akashuka.

Alasiri walikaa chini wanawake watatu, na Sumeiya akabaki juu akinyonyesha chumbani mwake, ameegemea mto ambao Lubna aliutoa sandukuni bila kueleza ulishonwa lini. Lubna alileta dele la kahawa. Bi Hadil hakuichukua kofia yake. Alikuwa akimwangalia Rahima kwa wizi, pua ile, na Rahima alikuwa akijua anaangaliwa na kumwacha aangalie.

"Mumemwita Barka," Bi Hadil alisema. "Nilidhani ataitwa jina la mamako."

"Mama hakutaka. Alisema jina lake lina safari ndefu, apewe mtoto jina lililopumzika." Rahima alikunywa, akaweka kikombe. "Mama mdogo, nina neno."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Bi Hadil mama mdogo. Alishika upindo wa leso yake.

"Sema, mwanangu."

"Nashukuru. Hilo ndilo la kwanza, nashukuru kwa mtoto na kwa mlango. La pili ni hili. Mama alituambia kwamba siku ile aliponileta mimi hapa, nyumba haikuwa na watu. Alisema mulikuwa mumekwenda shamba, na kosa ni lake yeye kuja bila kutuma habari. Hakutuachia tuwaseme vibaya, hata baba alipokasirika. Kila Ijumaa alituketisha akatuombesha: ya Rabi, mpe rehema bibi yenu Ruba, mpe umri mama mdogo Hadil. Mpaka anakufa. Na mimi nimeomba hivyo hivyo, na Sumeiya nimemfundisha. Nimekua bila kinyongo na mtu, na hiyo ni neema, mama mdogo, nimewaona wenye vinyongo wanavyoishi. Nilitaka tu kujua, nipate kumsimulia Barka vizuri. Mulikuwa shamba gani?"

Juu, Barka alilia kidogo akanyamazishwa. Bi Hadil aliangalia kikombe chake mpaka kahawa ikaacha kutoa mvuke.

"La Kipungani," alisema. "Tulikuwa tukiangua nazi."

"Alhamdulillah," Rahima alisema. Alikiinua kiganja cha Bi Hadil akakibusu, akakiweka kwenye paji la uso wake, akakaa nacho hapo. Uso wake ulikuwa umefunguka, akaonekana mdogo kwa miaka. "Mama hakuwahi kusema uwongo maishani mwake. Nilijua. Nawe, mdogo wangu, umewahi kuisikia habari hiyo?"

Bi Hadil hakumtazama binti yake. Lubna alikuwa na dele mkononi, na alikuwa na jibu lote mdomoni, la hodi tatu na hodi tatu nyingine, la mgongo kwenye komeo na la muuza samaki. Alifikiria Ijumaa zile zote, miaka sitini na mitatu ya Ijumaa, na dua ambazo labda ndizo zilizomweka mamake hai mpaka akaweza kuondoa komeo. Alifikiria chumba kilichokuwa kimesimama juu ya vichwa vyao. Alimshukuru Mungu kwa moyo wake wote, kwa kweli kabisa, na wakati huo huo akaona aibu.

"Mama aliniambia," Lubna alisema. "Nazi zilikuwa nyingi mwaka ule."

Akammiminia Rahima kikombe cha pili.